Yudita Mukamazimpaka, Aliyeandika Namba 31

Ndugu mliotoka Oruchinga, Mbarara na hapa Nakivale, aksanti kwa kuja. Tunayemsindikiza leo ni dada yangu Yudita Mukamazimpaka. Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966 kule Bijombo, Kivu ya Kusini, saa ya kukama asubuhi. Baba aliposikia kilio aliacha ndoo, ndama wakanyonya maziwa yote. Siku ile nyumbani hatukunywa kitu, na hakuna aliyenung'unika.

Alisoma shule ya misioni hadi darasa la sita, akapendwa kwa mwandiko wake. Mwaka 1985 aliolewa na Gad Habiyaremye, mfugaji. Vita vya 1996 viliwatoa kwao. Walifika kambi hii ya Nakivale, Uganda, mwezi wa Desemba na watoto wawili, Léopold na Madeleine, na sufuria moja, ambayo mimi napikia mpaka leo. Eliane alizaliwa hapa mwaka 2004.

Kwa sababu ya mwandiko ule, mwaka 2006 madaktari wa Mbarara walimpa kazi. Watoto sitini waliochomwa sindano ya surua walitobolewa kidole kila Juni, na damu ikapelekwa Mbarara kupimwa kinga imebaki kiasi gani. Yudita alitoboa, akaandika. Eliane, namba 31, siku zote alitoa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akifumba jicho moja. Kila mwaka kinga ya watoto wote ilipungua.

Tarehe 11 Februari 2010 malaria ilimchukua Eliane. Mwezi wa Aprili tukaletewa kutoka kambi ya Oruchinga yatima wa ukoo wetu, Uwamahoro, wa umri uleule. Hakuwa na kadi ya posho, basi akala kwa jina la marehemu, kama ilivyo mazoea yetu kambini.

Juni ikafika. Yudita akisoma orodha, mdomo ukataja Eliane kabla hajajizuia.

"Niko, mama," mtoto akajibu. Akanyosha kidole kidogo cha kushoto, akafumba jicho moja. Hakuna aliyemfundisha, hawakuwahi kuonana. Yudita akatoboa, akaandika 31.

Septemba akaitwa Mbarara. Dokta alikuwa anacheka kwa furaha.

"Mama, hii mtoto yako ni ajabu! Kinga inashuka miaka mine, sasa inapanda kupita wote! Kama inarudi yenyewe, sindano ya pili ni ya nini?"

Yudita aliwafikiria wale watoto hamsini na tisa ambao wangenyimwa sindano ya pili.

"Dokta, usiandike hivyo. Mwenye namba ile yuko mu udongo. Huyu ni mwingine, alichomwa sindano Machi, kule Oruchinga."

Akaomba kalamu, akaandika mwenyewe: alikufa. Alirudi bila kazi, jina likatoka kwenye kadi, tukagawana kidogo kilichobaki. Lakini mwaka uliofuata watoto wa orodha ile walichomwa tena. Na Uwamahoro, tangu siku jina lilipofutwa, akawa anatumia mkono wa kulia tu.

Kansa ya tumbo ilimpata Yudita mwaka 2014. Alitibiwa Mbarara, akilala kwa Madeleine, mtaa wa Ruti. Asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2015 Uwamahoro alimnyoshea mkono wa kushoto, akafumba jicho moja.

"Umekuja, Eliane," Yudita akasema, akatulia. Uwamahoro anasema hakumbuki kunyosha mkono.

Ameacha mume wake Gad, Léopold, Madeleine, Uwamahoro, wajukuu wanne, na mimi kaka yake Semahoro. Eliane simtaji kati ya waliobaki.

Mungu amlaze dada yetu salama. Na siku majina yatakaposomwa, kila mtu aitike lake.