Mama Luhende na Nukta Nyekundu ya Kakese

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi katika ofisi yetu ya ramani hapa Mpanda, Mama Mariana Luhende anastaafu Jumatano hii, tarehe 30 Juni 1999. Nimepewa kuandika wasifu wake kwa sababu ndimi ninayekaa kwenye kompyuta, si kwa sababu najua kusema. Mbele ya watu sauti hunikauka, kwa Kiswahili cha shule ya msingi na kwa Kiingereza cha sekondari vilevile. Basi maneno nayaweka hapa, kwenye ratiba ya sherehe.

Alianza mwaka 1966 kama mchora ramani, kwa kalamu ya wino. Akikosea, alikwangua kwa wembe. Mwaka 1995 ilipokuja kompyuta yenye programu ya ramani, wengi walidhani ataomba kuhamishwa. Hakuomba. Ramani yake ya kwanza alisahau alama ya kutoa kwenye namba za latitudo ya kusini, na Mpanda yote ikaangukia Sudan. Wenzake wakamuuliza nauli ya kurudi ni kiasi gani. Akawajibu waache kelele, yuko safari ya kikazi na posho bado hajalipwa.

Mwaka uliofuata ofisi ikaanza kupima hewa. Pampu ndogo inayoendeshwa kwa betri ya gari huvuta hewa kupitia karatasi nyeupe. Karatasi ikipimwa uzito, moshi na vumbi vinajulikana. Mama Luhende akaviingiza vipimo kwenye ramani, kila kituo nukta yake: kijani hewa nzuri, njano ya wastani, nyekundu mbaya. Stesheni ikatoka njano. Sokoni njano. Shuleni Kakese, penye mabani ya kukaushia tumbaku pande zote, nyekundu kabisa. Bani lililo karibu kuliko yote ni la mdogo wake, Yotham.

Ramani ilipobandikwa kijijini, Yotham alikuja ofisini na baiskeli yake, jasho linamtoka.

"Dada, nyie mmetupaka damu! Wanunuzi wakiona hivi si watatukimbia?" Kisha akashusha sauti. "Kasogeze kidogo tu hako kadoti. Kaende porini huko. Nyani hawajui kusoma."

"Nukta naisogeza kwa kidole kimoja, Yotham. Hao watoto wanaokohoa darasani nitawasogeza na nini?"

"Basi usinihesabu ndugu."

Akaondoka, chai yake ikapoa mezani. Mimi ningeisogeza. Naandika wazi: kaka yangu akiniangalia vile, ningeisogeza.

Hata mkubwa wa ofisi alimshauri apunguze makali. Njano nayo ni rangi, alisema. Mama Luhende akakubali kuwa njano ni rangi, ila si ya pale. Akachapa ramani nyingine kubwa zaidi, akaipeleka Kakese yeye mwenyewe na kuibandika mlangoni pa shule.

Ubishi huo aliulipia. Misimu miwili Yotham hakukanyaga kwake. Mahari ya binti wa Yotham ilipopokelewa, Mama Luhende, shangazi mtu, alisikia kwa majirani. Kesho yake alikuja kazini kama kawaida, akabadilisha karatasi za pampu, akaniuliza kwa nini nimenuna. Wa kununa alikuwa nani pale?

Wazazi waliisoma ile ramani. Walikutana na walimu mara nyingi, wakagombana, na mwaka jana wenye mabani sita wakakubali kuyahamishia ng'ambo ya mto. Yotham hakuhamisha lake. Vipimo vimeshuka, lakini nukta bado ni nyekundu, na hatutaipamba kwa ajili ya sherehe.

Kamati ya sherehe iliniomba niiache ramani hiyo nje ya ratiba hii, kwa kuwa Yotham ameitikia mwaliko na watu wasingependa aaibike. Nikaenda kumuuliza Mama Luhende mwenyewe.

"Iweke," alisema. "Na yeye mpeni kiti cha mbele, aone vizuri. Akinuna, ni mdogo wangu. Akicheka, ni mdogo wangu."

Ipo ukurasa wa nyuma. Nyekundu.

Mama Luhende, asante kwa kazi, na kwa ubishi wako. Kuanzia Alhamisi karatasi ya Kakese nitaibadilisha mimi. Atakayetaka nukta iende porini atanikuta, na sauti yangu hii hii ndogo itamjibu hapana. Nenda ukapumzike; upate afya, wajukuu wa kukusumbua, na hewa safi ya kuvuta mpaka uzee wako.