Picha Iliyobaki kwa Waziri

Benchi letu liko mbele ya studio ya picha ya mwenzetu Waziri, hapa Muyinga mjini, na kahawa yetu hunoga kwa kubishana. Leo haikunoga. Kompyuta ya Waziri, kizee kilichopiga kazi tangu wengi wetu tuna meno yote, ilizimika juzi na picha zote za wateja zimo humo. Jana Bahati, fundi wa Gitega, aliifungua, akatikisa kichwa. Diski imekufa. Waziri amekaa katikati yetu kama mfiwa, na sisi, badala ya kumpa pole, tukaanza uganga.

Shafii mshonaji, tunayemwita Mkasi, ndiye aliyeanza.

— Ni umeme, bwana. Ilirudi na nguvu, ikapiga ile mashine kwa moyo.

— Umeme unarudi hivyo kila siku, akasema Kambini. Jina lake ni Kastori. Tunamwita hivyo kwa kuwa alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko barabara yetu. — Imeonewa kijicho na wale wa studio ya ng'ambo ya barabara.

— Mais lakini we Kambini, nani ataonea kijicho kitu ya kuchukua saa nzima kuwaka? akauliza Mkasi.

— Haraka haraka haina baraka. Ile ilikuwa mashine ya baraka.

Tukacheka. Waziri hakucheka.

— Bahati alinambia tangu zamani, akasema. Alisema nitoe picha zote, niweke kwa diski ingine. Mkasi, we ulisema nini?

Mkasi akatazama kikombe chake.

— Nilisema ya kale ni dhahabu.

— Na mi nikakusikia. Tukamucheka sisi wote mutoto wa watu.

Kambini akadakia.

— Mnajua ninavyoona? Imetunza sura za watu miaka yote. Sasa marehemu humo ndani wamekuwa wengi kuliko wazima. Imefunga mlango, kama makaburi yakijaa.

Hapo akafika mwanamke mwenye vumbi la safari miguuni.

— Shikamooni. Mimi ni Jeska, natoka Buhinyuza. Namtafuta Waziri. Marehemu mama yangu, Theodosia, alipigwa picha hapa mwaka jana, mimi nikiwa bado Tanzania. Aliniambia kwa simu imebaki kwenye kompyuta, nikirudi tuje kuichapisha pamoja, kubwa. Jumamosi tunaondoa matanga, na hatuna picha yake nyingine.

Waziri akasimama. Akamweleza yote, na wala hakuusingizia umeme.

— Wihangane, pole sana dada. Kosa iko yangu.

Iliniuma, kwa sababu kosa lilikuwa letu sote na aliyelibeba ni mmoja. Jeska akakaa kwenye ncha ya benchi, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

— Sawa, kaka. Lakini wewe ndiye uliyempiga picha. Mimi sikuiona hata mara moja. Kwenye hiyo picha, alikuwa anatabasamu?

Waziri akafumba macho kuitafuta ile sura, haikumjia. Akatugeukia sisi, tunaoshinda hapa mlangoni pake, ambao yule mama lazima alitupita akiingia na kutoka. Mkasi akainamisha kichwa. Kambini, mwenye neno kwa kila jambo, akatazama mlango wa studio kana kwamba yule mama angetoka. Na Jeska akaendelea kutungoja.