Mchungaji Aliyetaja Hesabu Tatu

Benchi la Injinia Mureithi, fundi wa kuchomelea vyuma pale Kitengela, lilianza maisha kama geti. Mteja alilikataa, likachomelewa miguu minne, likawa kijiwe. Hapo ndipo Mwalimu Seleyian alipomkuta Mzee Hiram, mwenyekiti wa kamati ya maktaba ya mtaa, aliyeitwa Kalamu kwa sababu ya kalamu nyekundu isiyotoka mfukoni. Leo ilikuwa mkononi. Saa kumi kamati ingekaa, na riwaya kongwe ya mchungaji na joka, ile ambayo Seleyian aliwasomea wasichana wake wa shule kila Jumamosi, ingefutwa kwenye orodha ya vitabu.

— Mwandishi alikuwa amelewa, — Kalamu alisema. — Sura ya pili, mchungaji anamwambia mlinzi wa daraja ako na ng'ombe arobaini. Sura ya tano, anamwambia mchawi ni sitini. Mwishoni anamwambia mfalme thelathini. Na hakuna hata mmoja amekufa!

— Joka limemeza, — Injinia akasema, akimimina kahawa.

— Hilo joka linakula mawe, Injinia, — Kalamu akajibu. — Kwani ulisoma?

— Basi walizaa njiani.

— Wakazaa, halafu wakapungua?

— Wakarudi tumboni! Si ni uchawi? Huko miaka inaenda rivasi.

— Nyamaza, unanizamisha, — Seleyian akamwambia.

— Kitabu cha makosa hakifundishi mtoto, — Kalamu akatamka, kama anayesoma hukumu.

— Basi nifute na mimi. Niko na makosa kushinda hicho kitabu, na nafundisha. Wasichana wangu wanaweka simu chini juu ya huyo mchungaji. Hiyo orodha hutaigusa, mzee.

Ledama, mfugaji aliyekuja kuchukua geti la boma lake, alikuwa amesimama kando akisikiliza.

— Sopa, — akawasalimu. — Huyo mlinzi, na mchawi, na mfalme, ni watu wa kwao?

— Wapi! Maadui wote, — Seleyian akajibu.

— Na mlitaka awahesabie ng'ombe?

Injinia aliacha kumimina. Kalamu akakohoa.

— Hayo ni mambo yenu ya boma. Msomaji anataka ukweli.

— Sawa, mzee. Ng'ombe wako ni wangapi? — Ledama akauliza.

Kalamu alimtazama Ledama, akamtazama Injinia, akatazama ndani ya kikombe.

— Si wengi sana.

— Mzee! Jana si uliniambia ishirini? — Injinia akaruka. — Na shemeji yako ukamwambia sita!

Kikombe kilikuwa kitupu, lakini Kalamu alikinywa.

Seleyian akanyoosha mkono.

— Hiyo kalamu nipee. Nitakurudishia saa kumi na moja.