Mkono wa Mama Yenu Mdogo

Sikilizeni, wanangu, na wewe kitinda mimba acha kunipepea, upepo hautaniongezea siku. Fungeni mlango. Mama yenu mdogo yuko jikoni anapasha mafuta ya mgongo wangu, na nina neno nataka mlisikie kabla hajarudi.

Karakana hii ya krimu tuliianzisha mimi na yeye, kwa ndoo mbili na mwiko mmoja. Sungura niliwaleta mimi, maana nilisikia ndivyo wakubwa wafanyavyo: unamnyoa mgongo, unampaka, unamtia tone jichoni, unasubiri. Mdogo wangu hakuweza hata kuingia chumba cha sungura. Yeye alijichorea miraba kwa kalamu kwenye mkono wa kushoto, akapaka kila krimu kwenye mraba wake, akalala nazo. Nilimcheka. Lakini wateja walinipita mimi niliyevaa koti jeupe, wakamwendea yeye na kumwambia, "Hebu nionyeshe mkono." Wakiuona mzima, wananunua. Miaka sita niliyasikia maneno hayo, na kila mara roho iliniuma. Sungura wangu kumi na saba hakuna aliyewaulizia hali.

Husemwa hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nayo, na ilikuwa na vidole vitano.

Ndipo nikachanganya krimu ya kuondoa madoa. Sungura niliyempaka aliiva mgongo, jicho likaingia utando, halikufunguka tena. Nikaandika kwenye daftari kwamba ni salama, nikampelekea mdogo wangu kopo. Akaniuliza, "Dada, hii umeijaribu?" Nikamjibu, "Nimeijaribu, haina neno." Nilitaka mkono ule upate doa moja tu, wateja walione, wanigeukie mimi. Akajipaka, akaufunga mkono kwa kitambaa, akalala; asubuhi ngozi ilibanduka pamoja na kitambaa. Lile kovu nililowaambia ni la maji ya moto ni langu mimi.

Hakunishuku. Alisema kama sungura amepona na yeye ameungua, basi sungura hawezi kuisemea ngozi ya mtu. Masikini, yule sungura alikuwa ametuonya kwa jicho lake, mwongo nilikuwa mimi. Lakini akaenda kusomea maabara, akarudi na vile visahani vya ngozi iliyooteshwa kutoka vipande vinavyobaki hospitalini baada ya upasuaji, ngozi ya mtu isiyo na mtu wa kuumia. Losheni ya watoto ambayo sungura wangu waliipitisha, visahani vyake viliikataa, na mtoto wa jirani akatoka vipele kweli. Mimi nilimwaga maji machafu, kwake yakaotesha mboga. Wivu ukazidi, nikaendelea na vizimba miaka ishirini kwa ukaidi tu, huku nikijua yeye ndiye aliyepatia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu; mimi niliuchoma kwa sungura na kwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Basi shikeni haya. Vizimba vifunguliwe, lakini sungura wasipelekwe kwa mchinjaji wala kuachwa barabarani. Wajengewe banda uani, na wale vipofu muwalishe kwa mkono. Karakana yote ni ya mama yenu mdogo, nanyi mtafanya kazi chini yake. Kifungua mimba, usikunje uso, najua umeshapima mapazia ya ofisi. Uso huo naujua, niliuvaa mimi maisha yangu yote, na huo siwarithishi.

Mmemwona anavyofanya kabla hajanipaka? Anayaweka mafuta kwanza juu ya kovu lile, anasubiri kidogo, ndipo anagusa vidonda vyangu. Kila siku. Nami hata hapa nilipo namwonea wivu, kwamba moyo ule alipewa yeye, sikupewa mimi.

Nilikuwa nimekusudia mumwambie ukweli wa kovu lile nikishazikwa. Hapana... maji kidogo. Nitasema mwenyewe. Mungu awape mikono msiyoona haya kuionyesha. Awape... pendaneni, wanangu, msipimane.

Hizo ni hatua zake. Fungueni. Niinueni, polepole... hapo. Kaa karibu, mdogo wangu. Weka mafuta chini kwanza. Hebu... hebu nionyeshe mkono.