Kiungo cha Mwisho cha Mama Subiri

Ijumaa hii, tarehe 30, Mama Subiri anatimiza miaka thelathini na moja ya kazi katika kiwanda chetu cha magodoro, na siku hiyohiyo anastaafu. Alianza akiwa mpokea simu pale chini, karibu na mashine ya kukatia sponji. Anaondoka akiwa mkuu wa ofisi ya mawasiliano huku ghorofani, ambako mashine hiyo bado inasikika. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa ofisi yetu mwezi huu imechoka kwelikweli.

Jina lake la kwenye kitambulisho wengi wenu hamlijui. Tulimpa hili kwa sababu ndilo neno alilotuambia mara nyingi kuliko salamu. Mhasibu akiinamia kompyuta, kidole tayari kwenye kipanya, Mama Subiri alimwona kutoka upande wa pili wa chumba na kumwambia asubiri. Dereva akija mbio na simu yenye ujumbe kwamba ameshinda zawadi, asubiri. Hata mkurugenzi, ambaye hapendi kungojeshwa na mtu, alishawahi kukaa kwenye benchi letu la mabaki ya sponji akingoja zamu yake kama wengine. Na bintiye alipomtumia kadi ya mwaliko wa harusi kwa barua pepe, mama alimpigia kwanza kuuliza kama ni yeye aliyeituma. Binti alicheka. Mkwe hakucheka.

Kwa wageni wetu niseme kidogo. Kiwanda kina jina lake kwenye mtandao, na jina hilo ndilo linalobeba tovuti yetu na barua pepe zetu zote. Limesajiliwa na kampuni ya usajili, ambayo kila baada ya muda hutuma barua pepe kumtaka mwenye jina athibitishe kwamba yupo na anwani zake ni sahihi. Usipothibitisha katika siku walizotoa, wanalizima. Matapeli wanalijua hilo vizuri, nao hutuma barua zinazofanana na hizo kama pacha, zenye kiungo kinachokupeleka kwenye ukurasa wa bandia. Unaandika neno la siri mwenyewe, kwa mikono yako, na jina limekwenda.

Zamani barua za kitapeli zilikuwa na makosa ya lugha, mtu unacheka na kufuta. Siku hizi ndizo zenye adabu. Zinakusalimu, zinakuita mteja mpendwa, nembo inang'aa. Ile ya kweli ndiyo inayokuja kavu, haina hata habari za leo, inatishia tu kuzima. Kuzitenganisha ni kazi ya kuchosha na haina sifa yoyote, maana ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea. Mama Subiri ameifanya tangu kiwanda kipate tovuti, na miwani yake imekuwa ikiongezeka unene.

Alikuwa na njia yake, na haikubadilika. Alisoma anwani ya mtumaji mpaka herufi ya mwisho, kwa sababu lile jina la mwanzoni mtu yeyote anaweza kujiandikia. Aliweka mshale juu ya kiungo bila kubofya, aone kinaelekea wapi. Alijiuliza kama kuna jambo tuliloliomba sisi wenyewe. Halafu, hata kama vyote vimemridhisha, aliiacha barua palepale, akafungua ukurasa mpya, akaandika anwani ya kampuni ya usajili kwa mkono wake na kuingia kwenye akaunti yetu. Taarifa ikiwepo mle ndani, alithibitisha humohumo. Isipokuwepo, ni matapeli. Akibaki na wasiwasi, alipiga simu kwa namba iliyo kwenye mkataba, si ile iliyo kwenye barua. Kwa hiyo miaka yote hiyo hakuwahi kubofya kiungo hata kimoja, na alijivunia hilo kama dereva anavyojivunia kutowahi kugonga.

Mara moja tu tulizimiwa, naye hakuwepo. Dada yake alikuwa amelazwa, yeye yuko wodini anamuuguza. Barua ya kweli ikaja. Mhasibu, mwanafunzi wake hodari, akaifuta na kututambia wakati wa chakula kwamba tapeli ameula wa chuya. Siku chache baadaye tovuti ikanyamaza. Oda hazikuingia, malori yakapaki, madereva wakacheza bao uani. Mama Subiri alikuja moja kwa moja kutoka hospitali, chupa ya uji ya dada yake bado mkononi, akaingia kwenye akaunti na kuthibitisha. Mhasibu alisubiri kufokewa. Mama alimwambia tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Niliwafundisha kukataa. Sikuwafundisha kuuliza." Tangu hapo hakuna anayebofya, na hakuna anayefuta kabla ya kuuliza.

Sasa nije kwenye mwezi huu. Jina la kiwanda lilisajiliwa yeye akiwa ndiye msimamizi, na kabla hajaondoka ilibidi liandikwe kwa jina langu, mimi karani wa oda niliyekabidhiwa kiti chake. Kampuni ya usajili ilitutumia barua pepe mbili, yangu ya kupokea na yake ya kuachia. Tukapewa wiki mbili. Safari hii kwenye akaunti hapakuwa na kitufe chochote. Ridhaa ilitolewa kwa kiungo kilicho ndani ya barua, basi.

Mimi nilimaliza ya kwangu siku ya pili. Yake ikakaa. Kila asubuhi aliifungua, akaisoma, akaifunga, akaendelea na kazi nyingine. Nikaona ana wasiwasi, nikaikagua mwenyewe kwa njia aliyonifundisha. Anwani ya mtumaji ilikuwa sawa. Kiungo kilielekea kwao. Taarifa ilikuwepo kwenye akaunti. Nikapiga namba ya kwenye mkataba, wakasema ndiyo, ni yao. Nikamweleza yote. Akaniambia nisubiri.

Nilikasirika, sifichi. Muda ukipita maombi yanafutwa, jina linabaki kwa mtu ambaye hatakuwepo, na barua ya uthibitisho itakayofuata itaingia kwenye sanduku lisilo na mtu. Mhasibu alishaanza kuota malori yamepaki.

Siku ya mwisho, wenzetu walipokwenda kula, nilivuta kiti hadi kwenye meza yake na kumuuliza ni kitu gani hasa anachokitilia shaka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge.

"Hakuna," alisema. "Nilijua ni ya kweli tangu asubuhi ya kwanza. Ingekuwa ya uongo ningeshaimaliza siku ileile."

Hasira yote iliniisha, nikabaki na huzuni tu. Mashine ya sponji ilikuwa ikinguruma chini yetu. Kisha akavaa miwani, akaisoma anwani ya mtumaji kwa mara nyingine hadi herufi ya mwisho, akabofya. Ukurasa ukafunguka ukimshukuru na kumwarifu kwamba jina la kiwanda haliko tena mikononi mwake. Aliusoma wote. Akaniambia niufunge mimi.

Mama yetu, asante kwa kila jambo ambalo halikutupata kwa sababu ulikuwepo. Ukawe na maisha mema pamoja na dada yako, na ukalale mchana bila kuomba ruhusa. Tutakuwa tunakuandikia kukusalimu. Barua yetu ikikufikia usiijibu. Piga simu kwanza uulize kama ni sisi.