Bi Kivuli na Mikorosho ya Mstari wa Nane

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, mwenzetu Bi Kivuli anatundika jembe. Miaka thelathini na mmoja ameilisha mikorosho ya shamba hili. Kamati ya kumuaga imenipa mimi kazi ya kumwelezea kwa sababu mimi ndiye mkongwe, na tuseme ukweli, kwa maneno hakuna anayenifikia. Mimi nasema, karani anaandika. Ameniomba nisitie chumvi. Nitajitahidi.

Alikuja kibarua wa kupalilia, mwembamba kama mpini. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika jembe. Yeye anasema alikuja anajua. Leo ni siku yake, tumwachie.

Baada ya miaka mitatu akawa msimamizi wa mbolea, na hapo ndipo jina likamganda. Sisi wote tulikuwa tunamwaga mbolea shinani. Akatuambia huko ni kumlisha mtu kisogoni. Mkorosho unakula kwa ncha za mizizi, kule kivuli cha matawi kinakoishia jua la saa sita. Basi saa sita, wenye akili tumejilaza, yeye anazunguka mti na kijiti, anachora duara ukingoni mwa kivuli. Mvua zikianza tunachimba hapo mfereji wa kina cha kiganja: samadi kwanza, mbolea ya dukani kidogo, udongo juu. Mumewe analalamika kwamba hata nyumbani anampakulia chakula pembezoni mwa sahani. Hiyo si chumvi. Shemeji yupo, muulizeni.

Sasa mstari wa nane. Miaka kumi na tisa iliyopita majani yake yaliungua kingo kama karatasi iliyopita motoni, maua yakapukutika. Korosho chache tulizookota tukazitia kwenye ndoo ya maji, maana iliyojaa huzama, tupu huelea. Zote zikaelea. Meneja akaja na msumeno mpya, bado unanuka oili. Miti arobaini ilikuwa ikatwe wiki ile.

Bi Kivuli akapiga magoti, akafukua shinani kwa mikono, akaibuka na madonge meupe ya mbolea yaliyoshindiliwa kwenye udongo mkavu.

"Nani kaweka hii?" meneja akauliza.

"Mbolea imekosea njia, bosi. Nipe misimu miwili. Korosho zikielea tena, kata miti, na mimi nipe barua yangu niende."

"Uache kazi kwa ajili ya miti?"

"Nimeilea mimi, bosi."

Mimi nilikuwa nyuma ya toroli, kimya. Wanaonijua wanajua hayo yalikuwa maajabu.

Aliondoa udongo ule wote, akamwagilia mti mmoja mmoja, akangoja mvua, akachora duara zake arobaini. Msimu wa kwanza majani yakarudi. Msimu wa pili meneja mwenyewe akamimina korosho ndooni. Zikazama kwa kishindo, maji yakamrukia meneja mpaka kwenye tai. Karani ananikazia macho. Haya, mpaka kwenye mkanda.

Hapa karani aandike bila kusimama. Aliyeshindilia mbolea ile ni mimi. Bi Kivuli alikuwa kwenye harusi ya mdogo wake, nikataka akirudi akute nimemaliza, nikatia mabakuli mawili kila shina, kiangazi kikavu, najifanya fundi. Siku ile ya msumeno, tulipokuwa tunatoka kazini, alinirudishia bakuli langu lenye ufa. Alilifukua chini ya mti wa tatu, akalificha kwenye kanga meneja asilione.

"Shika chombo chako, kaka. Kesho uje na kijiti."

Basi. Miaka kumi na tisa hajamwambia mtu. Wanangu wamesomeshwa na mshahara wa kazi ambayo ningefukuzwa siku ile.

Dada, asante. Mstari wa nane umesimama, na msumeno uko stoo umeota kutu. Nenda kaishi na shemeji na wajukuu kwa raha, na kila siku yako iwe nzito, ukiitia ndooni izame. Saa sita ikifika, usichore tena. Kaa kivulini.