Jelimo wa Tenda: Miaka Ishirini na Sita Bila Kisanduku Kitupu

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025, Jelimo anastaafu baada ya miaka ishirini na sita kwenye karakana ya ushonaji hapa Kensington. Wenzake wameona mama yake ndiye aandike, maana wao wanaogopa kalamu yake nyekundu. Mimi ndimi huyo mama. Shule niliishia darasa la sita, lakini kwa kumsifu mtoto wangu nina digrii.

Kazi ya Jelimo ilikuwa kuomba tenda za serikali: mashuka ya hospitali, sare za wauguzi. Fomu moja ina kurasa themanini, na ukiacha kisanduku kimoja kitupu unatupwa nje, hata ushone kama malaika. Jelimo haachi kitu. Fomu ya ubatizo ya mjukuu wangu ilipouliza kazi ya mtoto, aliandika: "Haihusiki."

Mwaka 2014 mafundi kumi na tisa walikuwa karibu kupoteza kazi. Ilibaki tenda moja tu. Jelimo akamwambia dereva, Gaston wa Lubumbashi, kwamba sanduku la tenda linafungwa saa tano. Saa nne na nusu gari halipo. Akapiga simu.

"Gaston, uko wapi?"

"Kwa kinyozi, Maman Jelimo. Si ulisema saa tano? Bado mapema!"

Kwetu Wakenya saa tano ni kabla ya chakula cha mchana. Kwao Lubumbashi ni jioni. Eish! Jelimo alivua viatu, akakimbilia teksi, robot zote, taa za barabarani kama zinavyoitwa huku, zimezimika, akatumbukiza bahasha zikibaki dakika nne. Gaston alifika nyuma yake, kichwa kimenyolewa nusu. Tenda wakaipata.

Siku hizi tenda ziko mtandaoni, na biashara ndogo za akina mama nazo zinatafutwa. Jelimo alijifunza kompyuta ana miaka hamsini na saba, kisha akafundisha washonaji wa mtaa wa Turffontein kujisajili. Wenzake wakanung'unika kwamba anajitafutia washindani. Akawajibu: "Hospitali zina vitanda vingi kuliko cherehani zenu."

Hofu ya wengi ilikuwa moja: akiondoka, nani atajaza fomu? Tenda ya mwaka huu ameijaza Murielle, mwanafunzi wake. Jelimo hakuipitia; nyumbani nilimwona amekalia mikono yake asije akaomba kuiona. Jumanne majibu yametoka: wameipata! Mafundi sasa ni thelathini na wanne, na wote wanabaki.

Asanteni kwa kunitunzia mtoto. Jelimo, sisi sote tunakuombea siku ndefu zenye raha. Jumatatu usiamke mapema. Uji nitapika mimi.